Kwenda saa mbili, kurudi saa nne: kutoka Amsterdam hadi Lisbon ni mbali kiasi gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasoma Uholanzi, na mwezi ujao mimi na mdogo wangu wa kiume tunakwenda Lisbon kwenye harusi ya binamu yetu. Tiketi inaonyesha tunaondoka Amsterdam 10:00 na kufika 12:00. Kurudi, tunaondoka 13:00 na kufika 16:55. Yaani kwenda saa mbili, kurudi karibu saa nne! Mdogo wangu anashikilia kwamba ndege ya kurudi ni ya mwendo mdogo, au inapita njia ndefu. Nimetafuta umbali mtandaoni nikapata kilomita 1,847, kwingine 1,864, kwingine 1,148, na kwingine zaidi ya 2,200. Muda wa kuruka nao ni hivyo hivyo: pengine saa 2 na dakika 4, pengine saa 2 na dakika 50. Nishike lipi? Tena jirani ametuambia kwamba Ulaya ndege ikichelewa abiria hulipwa kwa kilomita, kwa hiyo tukipitia Madrid tutalipwa zaidi. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mdogo wako, kwa sababu mambo ni kinyume kabisa cha anavyodhani: katika safari zenu mbili, ya kurudi ndiyo fupi. Kwenda ni saa tatu kamili. Kurudi ni saa mbili na dakika hamsini na tano.

Saa zinazochapwa kwenye tiketi ni za mji husika. Ya kuondoka ni ya mji mnaotoka, ya kufika ni ya mji mnaofikia, na Lisbon iko nyuma ya Amsterdam kwa saa moja. Mtakapofika Lisbon saa sita mchana, Amsterdam mlikotoka itakuwa saa saba. Mliondoka saa nne asubuhi, basi hesabu inakupa saa tatu. Siku ya kurudi mnaondoka Lisbon saa saba mchana, wakati Amsterdam ni saa nane, na mnafika saa kumi na moja kasoro dakika tano. Saa moja iliyofichwa wakati wa kwenda inadaiwa wakati wa kurudi.

Tofauti hiyo ya saa moja haibadiliki mwaka mzima. Nchi za Umoja wa Ulaya husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, zote kwa dakika ile ile, saa 01:00 ya Greenwich. Kinachobadilika ni tofauti na nyumbani. Afrika Mashariki hatusogezi saa, kwa hiyo Lisbon iko nyuma yetu kwa saa mbili kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, na kwa saa tatu miezi iliyobaki. Ukimwahidi mama kwamba utampigia mkitua, mhesabie hilo asikae na wasiwasi bure.

Hapa niruhusu nichepuke kidogo, maana saa za Ulaya zina siasa nyingi kuliko jua. Hadi mwaka 1940 Amsterdam ilikuwa na saa yake, dakika 20 tu mbele ya Greenwich, na kwa jua hapo ndipo mahali pake. Mei mwaka huo jeshi la Ujerumani liliikalia Uholanzi, saa ikapelekwa mbele ilingane na ya Berlin, na vita vilipokwisha haikurudishwa. Hispania nayo ilihamia saa ya Berlin mwaka huo huo wa 1940 chini ya dikteta Franco, ikabaki huko hadi leo. Ureno ilijaribu baadaye: kati ya 1992 na 1996 ilitumia saa moja na Uholanzi na Ufaransa. Matokeo yake, Januari jua la Lisbon lilikuwa linachomoza karibu saa tatu asubuhi na watoto wanakwenda shule gizani. Watu wakalalamika, serikali ikarudi kwenye saa ya Greenwich. Kama safari yako ingekuwa miaka ile, tiketi ingeandika 10:00 hadi 13:00 na mdogo wako asingekuwa na hoja.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba kati ya miji yenu miwili saa hiyo moja inakaribia kulingana na jua lenyewe. Amsterdam iko karibu nyuzi 5 mashariki mwa Greenwich, Lisbon nyuzi 9 magharibi. Jumla ni nyuzi 14, na jua hutumia dakika nne kwa kila nyuzi moja, yaani dakika 56. Linganisha na daraja la mto Minho, kati ya Tui ya Hispania na Valença ya Ureno: unavuka kwa miguu, jua liko pale pale, na saa yako inarudi nyuma kwa saa nzima.

Sasa umbali. Namba zote ulizozipata ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake.

Ile 1,847 ni kutoka uwanja wa ndege hadi uwanja wa ndege: Schiphol wa Amsterdam hadi Humberto Delgado wa Lisbon, kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Wataalamu huiita duara kuu, na ukitaka kuiona, vuta uzi kwenye tufe la dunia kutoka mji mmoja hadi mwingine. Ile 1,864 ni kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji kwa njia hiyo hiyo. Nyongeza ya kilomita 17 inatokana na mahali viwanja vilipo. Schiphol iko kusini-magharibi mwa Amsterdam, upande ule ule wa kuelekea Lisbon, na uwanja wa Lisbon uko kaskazini mwa mji, upande wa kuelekea Amsterdam. Treni ya kwenda Schiphol ikishawafikisha, kipande cha safari mmekwisha kukimaliza.

Ile 1,148 ni maili za nchi kavu, si kilomita. Hutokea ukurasa umetafsiriwa na mashine na kipimo kikaachwa kama kilivyokuwa. Rubani wenu hatatumia hata hiyo. Yeye atahesabu kwa maili za bahari, ambazo ni mita 1,852 kila moja, na kwake njia hii ni karibu maili 997. Ukikuta mahali pengine 1,848 au 1,850, usijisumbue. Dunia si duara kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na wako wanaoipiga hesabu kama mpira na wako wanaoizingatia hiyo bonyeo.

Ile ya zaidi ya 2,200 ni ya barabara. Gari haliwezi kukata Ghuba ya Biscay, lazima lishuke Ufaransa yote hadi mpakani Irun ndipo ligeukie Hispania. Ni zaidi ya saa 20 za kuendesha bila kulala. Na kwa treni msitegemee kitu cha haraka: treni za usiku zilizokuwa zikiunganisha Lisbon na mpaka wa Ufaransa na Madrid zilisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na hazikurudi, kwa hiyo mtu anabadilisha treni mara kadhaa na kulala njiani.

Kwa msomaji aliye nyumbani anayetaka kuupima umbali huu kwa kitu anachokijua: reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina urefu wa kilomita 1,860. Ni kama hapo tu, kwa njia ya anga.

Ila ndege yenyewe haitaruka kilomita 1,847 hasa. Uzi ule ukiuvuta unapita magharibi mwa Ubelgiji, Normandy, karibu na Nantes, unaingia Ghuba ya Biscay, unatokea pwani ya Asturias huko Hispania, kisha unateremka Ureno hadi Lisbon. Ndege hufuata ramani hiyo kwa jumla, lakini inaanza kwa kuzunguka kulingana na njia ya kurukia iliyofunguliwa siku hiyo, inakwepa maeneo ya mazoezi ya kijeshi, inapita kwenye vituo vilivyopangwa, na mwisho inajipanga kwenye foleni ya kutua. Ongeza asilimia chache. Siku ambayo waongozaji ndege wa Ufaransa wamegoma, na hiyo hutokea mara nyingi, ongeza zaidi, maana kipande kikubwa cha njia hii kiko mikononi mwa kituo chao cha kuongoza ndege cha Brest, na wengine hulazimika kuzunguka magharibi juu ya bahari.

Tuje kwenye muda, hapo ndipo kurasa za mtandaoni zinapowachanganya watu zaidi. Zile dakika ulizozikuta ni hesabu ya kugawanya tu. Chukua 1,864 ugawanye kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, unapata saa 2 na dakika 4. Chukua 1,864 hiyo hiyo ugawanye kwa 800, unapata saa 2 na dakika 20, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua, unapata saa 2 na dakika 50. Hakuna aliyeangalia ratiba wala upepo. Huo wa pili unakaribia ukweli kwa bahati tu.

Ndege za njia hii ni za ukubwa wa Airbus A320 au Boeing 737. Zikiwa juu, mwendo wake hewani ni kama kilomita 830 kwa saa. Neno muhimu hapo ni hewani, kwa sababu hewa yenyewe inatembea. Katika latitudo hizi, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Chanzo chake ni tofauti ya joto kati ya nchi za kusini na ncha ya kaskazini pamoja na mzunguko wa dunia, na ndiyo maana wakati wa baridi, tofauti hiyo inapokuwa kubwa, mkondo huwa na nguvu zaidi. Kuvuka kilomita 200 kwa saa ni jambo la kawaida kwake.

Tufanye hesabu ya siku ya wastani. Tuseme upepo unavuma kutoka magharibi kilomita 100 kwa saa. Nyinyi hamuelekei magharibi moja kwa moja, mnaelekea kusini-magharibi, kwa hiyo upepo unawapiga kwa mshazari na kinachowarudisha nyuma ni kama kilomita 65. Kwenda, kwa upepo wa mbisho kama wasemavyo mabaharia, mwendo wenu juu ya ardhi unabaki 765, na kilomita 1,847 zinakula saa 2 na dakika 25. Kurudi, upepo uko mgongoni, mwendo unapanda hadi 895, na njia ile ile inaisha kwa saa 2 na dakika 4. Hewa ikitulia kabisa ingekuwa saa 2 na dakika 13 kila upande. Tofauti ya kwenda na kurudi ni dakika 21, ndege ni ile ile na mafundi ni wale wale.

Angalia pia kwamba jumla ya safari mbili zenye upepo ni ndefu kidogo kuliko jumla ya safari mbili zisizo na upepo. Ni kidogo sana, karibu dakika mbili katika mfano huu, lakini sababu yake inavutia: upepo wa mbele unakushika kwa muda mrefu zaidi kuliko ule wa nyuma unavyokusaidia. Huwa ninawapa vijana wanaoanza kazi ya kupanga safari za ndege wakaichambue wenyewe, na wengi husema mara ya kwanza kwamba zinafutana.

Kwenye hesabu hiyo ongeza kama robo saa kwa kupaa, kushuka na kuzunguka, kwa sababu huko ndege haiendi 830. Basi mtakuwa hewani karibu saa 2 na dakika 40 kwenda na saa 2 na dakika 20 kurudi. Siku nyingine mkondo unahama, au unavuma kutoka upande mwingine kabisa, na kwenda kukawa kwepesi kuliko kurudi. Wakati wa kiangazi hasa usishangae.

Kama hewani ni saa 2 na dakika 40, mbona tiketi inasema tatu? Kwa sababu muda wa ratiba haupimwi tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Unapimwa tangu ndege inaposukumwa kutoka getini hadi inaposimama kwenye geti la mwisho. Kwenye miji hii miwili, yanayotokea ardhini ni hadithi ndefu kuliko ya hewani.

Schiphol ina njia sita za kurukia. Ya mwisho kujengwa, Polderbaan, ilifunguliwa mwaka 2003 na ina urefu wa mita 3,800. Iliwekwa mbali huko kaskazini-magharibi ili kelele zisiwasumbue watu wa mijini, na mbali hapo ni mbali kweli: ndege inatambaa ardhini, inapita juu ya barabara kuu ya magari, kandokando kuna mashamba na mifereji, na mgeni anaanza kujiuliza kama wameamua kwenda Lisbon kwa nchi kavu. Robo saa inaweza kuisha hivyo. Mkipangiwa njia iliyo karibu na majengo, dakika chache zinatosha. Nani atapangiwa ipi hutegemea upepo na kanuni za kelele, na anayetengeneza ratiba miezi kadhaa kabla hawezi kujua. Anachofanya ni kutazama safari za misimu iliyopita na kuweka muda utakaowatosha wengi. Huo ndio unaoitwa muda wa ratiba, na ndani yake kuna akiba. (Mkichungulia dirishani mkiwa bado chini, kumbukeni mko karibu mita tatu chini ya usawa wa bahari. Uwanja ule umekaa kwenye kitanda cha ziwa lililokaushwa mwaka 1852.)

Kuna na foleni ya Ulaya nzima. Eurocontrol, shirika la Ulaya la kuratibu safari za anga, wana kituo Brussels kinachoangalia anga lote, na pale sehemu fulani inapojaa, ndege hupewa saa ya kuruka ikiwa bado iko chini. Ikishapewa, inaruhusiwa kuruka kuanzia dakika tano kabla hadi dakika kumi baada ya saa hiyo. Ikikosa nafasi hiyo, inaomba nyingine. Ndiyo maana rubani hutangaza kwamba abiria wote wameketi, milango imefungwa, na bado mnakaa dakika ishirini hamuoni sababu. Sababu iko mbali, labda juu ya Ufaransa, labda Lisbon kwenyewe.

Lisbon kwenyewe mara nyingi. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1942, mji ukakua kandokando hadi ukauzunguka, na sasa ndege zote hutua na kuruka kwenye njia moja tu. Serikali ya Ureno iliamua Mei 2024 kujenga mpya ng'ambo ya mto Tejo, eneo la Alcochete, utakaopewa jina la mshairi Luís de Camões, lakini hadi ukamilike foleni ni ile ile. Mkiambiwa mzunguke hewani kidogo kabla ya kutua, mwambie mdogo wako asihofu mafuta. Kila ndege hubeba ya safari, ya dharura, ya kwenda uwanja mwingine kama Porto au Faro, na juu ya hayo akiba ya nusu saa isiyoguswa. Kuna faida pia: upepo wa Lisbon mara nyingi hutoka kaskazini, kwa hiyo ndege hutua kwa kuingia kutoka kusini, juu ya mto na mapaa ya mji. Afadhali akae dirishani.

Kwa hiyo anayewapokea mwambieni hivi: ndege imepangwa kufika saa sita mchana, inaweza kufika robo saa kabla au robo saa baada, na mashirika yenyewe huhesabu kuchelewa chini ya dakika 15 kuwa ni kufika kwa wakati. Uholanzi na Ureno zote zimo katika Schengen, kwa hiyo hakuna dirisha la uhamiaji la kupanga foleni, ila pasipoti na kibali cha ukaaji mbebe, maana ukaguzi wa kushtukiza upo na shirika la ndege linaweza kuvidai. Kama mna mabegi makubwa, ongezeni nusu saa. Metro inaanzia pale pale uwanjani tangu 2012, ni ile ya mstari mwekundu, kwa hiyo binamu anaweza kuwasubiri kituoni mjini bila kuhangaika na maegesho.

Nimelibakiza la jirani kwa sababu linagusa pesa, na jirani amepatia nusu.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inatoa fidia kwa kufuata umbali, kweli, ila si kilomita kwa kilomita. Kuna madaraja. Safari ya hadi kilomita 1,500 ni yuro 250. Safari ya ndani ya Umoja wa Ulaya inayozidi hapo ni yuro 400. Kwa kanuni ilivyo ninapoandika, mnastahili mkifika kwa kuchelewa saa tatu au zaidi, na shirika lisipoweza kuonyesha kwamba sababu ilikuwa nje ya uwezo wake. Mgomo wa waongozaji ndege uko nje ya uwezo wake. Mgomo wa wafanyakazi wake wenyewe, mahakama ya Umoja wa Ulaya imekwisha kusema, kwa kawaida hauko. Pasipoti yako ni ya nchi gani haijalishi.

Na umbali unaotumika ni upi kati ya zile namba zako? Kanuni yenyewe inataja: ule wa duara kuu. Amsterdam hadi Lisbon ni 1,847, umevuka 1,500, daraja lenu ni yuro 400 kila mtu. Hata rubani akizunguka hadi afikishe 2,100, hesabu ni ile ile.

Je, kupitia Madrid? Amsterdam hadi Madrid ni kama kilomita 1,460, Madrid hadi Lisbon kama 510, jumla karibu 1,970. Mwaka 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba kwa safari ya kuunganisha umbali hupimwa kati ya mahali pa kwanza pa kuondokea na pa mwisho pa kufikia, wala haijumlishi kona za njiani. Kwa hiyo mkipitia Madrid kwa tiketi moja bado ni 1,847, bado ni yuro 400, mmejiongezea tu nafasi ya kuikosa ndege ya pili. Hasara halisi ni mkinunua tiketi mbili tofauti. Hapo kila kipande kinahesabiwa peke yake, Amsterdam hadi Madrid iko chini ya 1,500, na fidia inashuka hadi 250. Tena ndege ya kwanza ikichelewa mkaikosa ya pili, shirika la ndege hiyo ya pili halina deni nanyi. Mkipata ya moja kwa moja kwa bei inayokaribiana, chukueni hiyo.

La mwisho ni namna ya kupima hizo saa tatu. Mwaka 2014 mahakama ilisema kwamba ndege imefika pale mlango wake mmoja unapofunguliwa na abiria kuruhusiwa kutoka, si magurudumu yanapogusa ardhi wala ndege inaposimama. Kwa uwanja wenye foleni ya magari ya kubebea abiria, hizo ni dakika kumi zinazoweza kuamua kama ni saa mbili na dakika 55 au saa tatu na tano. Mkiona siku imeharibika, mmoja wenu apige picha ya saa ya simu mlango unapofunguliwa, na ahakikishe simu imeshahamia saa ya Lisbon.